Fahali Asiye na Mkia



Kama unasoma haya ukiwa kwenye kiti cha plastiki kando ya kitanda cha mtoto, soma polepole. Akiamka, weka kando, utarudi baadaye. Nilikalia kiti kama hicho tangu Machi hadi Agosti mwaka 2017. Mimi ni mama wa watoto watano. Kwetu ni Kanyada, upande wa Homa Bay, nami nimeolewa Uriri, kwa watu wa Kanyamkago, ndiyo maana hapa wananiita nyar Kanyada, binti wa Kanyada. Tunalima miwa na mahindi, na miaka ile tumbako kidogo. Mimi ni Msabato. Sina elimu kubwa, lakini mambo haya nayajua.

Lilianza na jino. Kijana wangu wa nne alikuwa na miaka 6, yuko darasa la kwanza, na umri huo meno kulegea si habari. Mwishoni mwa Februari alikuja akitikisa jino kwa ulimi, anacheka. Nikacheka naye, nikamwambia asilimeze. Siku ya tatu mama mkwe wangu alimshika kidevu, akamgeuza kwenye mwanga wa mlango. Akaniuliza, "Nyar Kanyada, tangu lini mtoto wa miaka sita akang'oka gego?"

Nikatazama. Yalikuwa magego mawili ya juu, upande wa kulia. Yanacheza kama vigingi kwenye tope.

Nilimpeleka kwa mng'oa meno. Ni nani na wa mji upi, tuache. Aliyang'oa yote mawili, akatupa dawa ya maumivu, akasema uvimbe utashuka. Haukushuka. Jumatatu shavu lilikuwa kama amebana ndimu. Ijumaa lilikuwa chungwa. Sabato ya baadaye jicho la kulia lilikuwa limeanza kusukumwa nje, na mdomo haufungi.

Mnakumbuka wakati ule. Madaktari wa hospitali za serikali walikuwa wamegoma tangu 5 Desemba 2016. Tulipozunguka, tulipokewa kwa huruma na waliokuwepo, lakini wa kumpima yule mtoto sawasawa hakuwepo. Miwa yetu ilikuwa imeshakatwa na malipo hayajafika. Mkulima wa miwa anajua kungoja huko.

Na watu wakaanza kusema. Baba mdogo wa mume wangu alikuja jioni, akaketi, akasema kwa upole kabisa kwamba hii ni chira, laana ya kuvunja mila. Nyumba yetu, alisema, ilijengwa kabla ya ile ya kaka mkubwa. Kulikuwa na mzee anayejua manyasi, dawa ya mitishamba ya kuiondoa. Simlaumu. Alikuwa anatafuta mlango wa kutokea kama sisi. Na mimi, niliyebatizwa, nilikuwa tayari kumnywesha. Mama mkwe ndiye aliyekataa. "Manyasi yatangoja," alisema. "Mtoto hangoji."

Kesho yake tulimpeleka hospitali ya misheni. Afisa wa kliniki, kijana mdogo tu, alimmulika mdomoni kwa tochi, akampapasa tumbo, akauliza ni siku ngapi. Kisha akaanza kuandika kabla hatujamaliza kujibu. "Hili si jino," alisema. "Mmeambiwa mgomo umeisha? Nendeni Eldoret. Msipitie nyumbani kupika."

Mgomo uliisha tarehe 14 Machi, baada ya siku 100. Tuliuza dume moja la kulimia, tukasafiri usiku wa tarehe 16. Kisii, Kisumu, Chavakali, Kapsabet. Mtoto alikaa mapajani mwangu, kichwa kimeegemea upande mzima, mate yanatiririka kwenye leso yangu. Kondakta hakututoza nauli. Hakusema kitu. Aliruka tu kiti chetu.

Pale Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi kuna jengo la watoto peke yao, Shoe4Africa, lililofunguliwa mwaka 2015. Walimchoma sindano kwenye uvimbe, wakatoa kipande, wakakipima. Daktari, mwanamke mwenye umri wa dada yangu mdogo, alituketisha mimi na mume wangu akatupa jina: Burkitt. Saratani.

Nikasikia neno saratani na masikio yakaziba. Lakini aliendelea kuongea, na baadhi ya aliyosema nimeyashika hadi leo. Alisema Burkitt ni jina la daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyefanya kazi Mulago, Kampala. Mwaka 1957 aliletewa mtoto aliyevimba taya kama wangu, akashangaa, akaanza kuwatafuta wengine, na mwaka 1958 akaandika habari zao. Akagundua kwamba ugonjwa huu unafuata nchi zenye joto na mvua, mle mle inamokaa malaria. Yaani kwetu, kandokando ya ziwa. Baadaye, mwaka 1964, wataalamu wa London wakaona kirusi ndani ya seli zake. Daktari alisema hakuna saratani ya binadamu inayokua haraka kuishinda hii, inaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Na kwa sababu inakua haraka, dawa pia huipata haraka.

Mume wangu aliuliza swali moja tu. "Kwa hiyo si nyumba?"

Daktari hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikalia kwa mara ya kwanza tangu Februari.

Kemo ilianza siku hiyo hiyo. Kabla yake na baada yake wanamjaza maji kwa dripu usiku kucha, kwa sababu uvimbe ukiyeyuka kwa ghafla takataka zake zinaweza kuziba figo. Kazi yangu ilikuwa jagi. Kila akikojoa napima, naandika saa na kiasi. Mililita mia moja na hamsini. Mia mbili. Sikujua kwamba ipo siku nitamshukuru Mungu kwa mkojo. Siku ya nne jicho lilikuwa limerudi ndani. Siku ya saba uso ulikuwa uso wa mwanangu. Nikapiga simu nyumbani, nikaimba. Nilidhani tumemaliza. Ilikuwa dozi ya kwanza.

Likizo ya Aprili binti yangu mkubwa alikuja kunisaidia. Alikuwa kidato cha pili, shule ya kutwa ya hapa kwetu. Hospitalini pale kuna Kituo cha Sally Test, kilichoanzishwa na Sarah Ellen Mamlin, mama kutoka Indiana, Marekani, ambapo watoto wagonjwa hucheza, husoma na kuchora. Tulimpeleka mdogo wake siku zile alizokuwa na nguvu. Alipenda. Lakini mtoto ambaye damu imeshuka hatoki kitandani, maana mafua ya mwenzake yanaweza kumuua. Huyo hulala akitazama dari. Binti yangu alikuwa mtoto wa maneno mengi, akamuuliza sista: mtoto kama huyo anaruhusiwa kuchezea nini? Sista akamtajia: plastiki ngumu inayoweza kuoshwa kwa Jik. Kisicho na manyoya. Kisicho na ncha. Kisichoingia puani. Nilimwona akiandika nyuma ya daftari la Jiografia, nikafikiri anaondoa uchovu tu. Mei shule zikafunguliwa, akarudi Uriri.

Sasa nifike pale pagumu.

Ilikuwa mwisho wa Mei, baada ya dozi ya tatu. Nywele zilikuwa zimeisha zamani, hilo tulilizoea. Kisha midomo ikapasuka. Ulimi ukafanya vidonda. Koo pia. Hawezi kumeza uji. Hawezi kumeza mate. Usiku homa ikapanda. Tisini na tisa ya kipimo cha zamani ningeielewa, lakini hii walisema 39. Kisha 40. Wakampima damu, chembe nyeupe hakuna. Sista alisema hivyo. Hakuna. Wakatuhamisha chumba cha peke yetu.

Akaacha kulia. Mtoto akilia unajua yuko. Huyu alinyamaza. Siku ya kwanza nilidhani ni vidonda. Siku ya pili. Siku ya tatu hakunitazama pia. Nilimwita jina. Nilimwita lile jina la kumdekeza. Macho wazi. Dari.

Kule wodi kubwa, kitanda cha dirishani, alikuwepo mtoto mwingine. Walitoka mbali, kaskazini. Mama yake hakujua Kiswahili vizuri na mimi sikujua lugha yake. Tulikuwa tunapeana sabuni. Huo ndio uliokuwa urafiki wetu. Alfajiri moja nilitoka kuchota maji ya moto nikaona pazia limevutwa. Wakaja na kitanda cha magurudumu. Yule mama alikunja blanketi vizuri, pembe kwa pembe. Akaniona. Akanipa sabuni iliyobaki. Akaenda.

Ile sabuni niliishika mkononi siku nzima.

Usiku ule nilifunga nguo zetu kwenye leso. Deni la hospitali nilikuwa sijui limefika wapi. Kadi yetu ya bima ya afya, NHIF, tulikuwa tumeacha kuilipia mwaka uliotangulia, shilingi 500 tu kwa mwezi, tukaona zinapotea bure. Sasa mume wangu alikuwa anahangaika kuifufua kwa malimbikizo na faini. Nilijiambia, nitambeba mgongoni, nitapita getini kama mtu anayekwenda dukani. Afie nyumbani. Nimeliandika neno hilo kama nilivyoliwaza. Afie nyumbani, pale bibi yake atamwona, tusitafute gari la kumrudisha.

Saa nane za usiku nilimpigia mama mkwe. Sikumwambia kuhusu leso. Nilisema tu, "Mama, nimechoka."

Hakunihubiria. Aliuliza, "Amekojoa?"

"Ndiyo."

"Kiasi gani?"

"Mia mbili."

"Basi mwili bado unafanya kazi. Wewe ngoja kuche."

Kisha akaanza kuomba. Aliomba polepole, kwa Kijaluo, akiwataja watoto wangu mmoja mmoja, hata kuku wangu niliomwachia aliwaombea, mpaka salio lake likaisha na simu ikakatika. Kukacha. Sikufungua lile fungu la nguo siku hiyo. Nililiacha chini ya kitanda, limefungwa.

Jumatano ya wiki iliyofuata mume wangu akafika. Nilikuwa namngoja na pesa. Kutoka mbali niliona amebeba katoni kubwa la karatasi za chooni, limefungwa kwa kamba ya katani. Akalifungua pale koridoni. Mipira. Magari ya plastiki. Midoli. Matofali ya kujengea ya rangi rangi. Ludo. Rangi za kuchorea. Plastisini. Na barua iliyopigwa mhuri wa shule ya binti yangu: wanafunzi wamechanga Sh11,340 kununua vitu vya kuchezea vya watoto wa wodi.

Ndugu yangu, nilikasirika. Nilimwambia mume wangu maneno ambayo hayaandikiki. Elfu kumi na moja! Mimi nakula ugali wa kugawiwa, kadi haijafufuka, na hawa wananunua mipira? Nani aliwaambia mtoto asiyeweza kumeza mate anataka mpira? Watu walitazama. Mume wangu aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Si pesa zetu, mama. Wala si za mtoto wetu. Wameandika ni za wodi."

Sista alivichukua vyote vikaoshwa. Vitu viwili alivirudisha. Kimoja kilikuwa mdoli wa manyoya. Cha pili kilikuwa gari la waya, lililosukwa vizuri ajabu, magurudumu ni vifuniko vya soda, lina hadi usukani. Aliyelituma ni mvulana mmoja wa kidato cha kwanza ambaye hakuwa na pesa za kuchanga. Waya una ncha, sista alisema, pole. Plastisini haioshwi, kwa hiyo kila mtoto alipewa pakiti yake mwenyewe. Yetu niliiweka pembeni ya mto bila hata kuifungua. Mume wangu ndiye aliyeifungua.

Nyumbani yule mtoto alikuwa fundi wa ng'ombe. Anachimba udongo wa kichuguu, anaulowesha, anafinyanga mafahali wenye nundu na pembe, anawapiganisha na wenzake hadi wanavunjika. Kemo ilipoanza alinisumbua sana kuhusu udongo. Wodini udongo utoke wapi?

Baba yake alimwekea kipande cha kahawia kiganjani, akanyamaza. Muda mrefu. Nilikuwa dirishani nimewapa mgongo, bado nina hasira. Nilipogeuka vidole vilikuwa vinakwenda. Taratibu. Anabonyeza, anapumzika. Likatoka tumbo. Ikatoka nundu. Pembe mbili. Baba yake akafinyanga miguu. Nikasogea nikasema, kwa ajili ya kusema tu, "Fahali mzuri."

Akamtazama yule fahali. Akasema, "Hana mkia."

Midomo ilipasuka ikatoa damu. Nilikimbia kumwita sista, akaja mbio akidhani kuna jambo baya.

Sitaki kukudanganya, wewe uliye kwenye kiti. Homa ilikuwa imeshaanza kushuka tangu juzi yake. Dawa za mishipani zilikuwa zinafanya kazi, na chembe nyeupe zilikuwa zimeanza kuonekana kwenye kipimo. Hakuponywa na plastisini. Lakini siku sita alikuwa hajasema neno, na aliporudi, alirudi kupitia mlango ule. Fungu la nguo nililifungua usiku huo.

Jambo la pili ambalo vile vitu vilisaidia lilikuwa sindano ya mgongo. Ugonjwa huu hupenda kujificha kwenye maji ya uti wa mgongo, kwa hiyo dawa huchomwa humo pia. Mtoto lazima ajikunje kama kamba na asitikisike. Akitikisika, wanarudia. Wangu alikuwa akishikwa na watu wanne. Mhudumu wa michezo alikuja na mmoja wa midoli iliyotoka Uriri, akampa mwanangu bomba la sindano lisilo na sindano, akamwambia, leo wewe ndiwe daktari. Alimkunja mdoli. Akamfuta mgongo kwa pamba. Akamwambia kwa sauti ya yule daktari wetu, "Usitikisike, ni kidogo tu." Alimchoma mara kumi na kitu. Zamu yake ilipofika alilala kwa ubavu mwenyewe, mdoli kwapani, na alishikwa na mtu mmoja. Mtu huyo ni mimi.

Jinsi zile pesa zilivyopatikana nilikuja kusikia baadaye. Mwalimu mkuu mwanzoni alikataa mchango, akiogopa wazazi watasema wanatozwa. Akakubali kwa sharti kwamba asiyetaka asiulizwe. Wakawa na Ijumaa ya nguo za nyumbani, shilingi 20 kila mtu. Jumamosi haikuwezekana, nusu ya shule ni Wasabato, na Jumapili asubuhi Wakatoliki nao wako misani. Wasichana waliuza mandazi na njugu wakati wa mapumziko. Kidato cha tatu walipalilia miwa ya mwalimu mmoja mchana wa Jumapili mbili. Walimu wakacheza mpira na wanafunzi, kiingilio shilingi 10, walimu wakafungwa vibaya, na nasikia hiyo ndiyo siku iliyoingiza pesa nyingi. Binti yangu hakuwaambia ni mdogo wake. Alisema ni watoto aliowaona. Darasa lake walijua baadaye, ile barua ilipokwisha kupigwa mhuri.

Kuna watu kanisani walioniuliza kama zisingefaa zaidi kwenye dawa. Ni swali la haki, nililiuliza mimi kwa ukali zaidi yao. Dawa zilipatikana kwa njia nyingine: kadi ilifufuka na kulipa sehemu, afisa wa ustawi wa jamii akatupunguzia, akina mama wa Dorkasi kanisani wakafanya harambee, na dume la pili likauzwa. Msimu ule tulilima kwa jembe la mkono. Lakini zile siku sita za dari, hakuna risiti ambayo ingezilipia.

Tuliruhusiwa siku chache kabla ya uchaguzi wa 8 Agosti. Kliniki ya Oktoba iliangukia juma la uchaguzi wa marudio, barabara za Nyanza zimefungwa kwa mawe na matairi yanayowaka, na tulichelewa siku tisa. Siku tisa hizo nilimpapasa taya mara ngapi, Mungu anajua. Wanasema Burkitt ikitaka kurudi hurudi mapema, mwaka wa kwanza ukipita unaweza kupumua. Mwaka ulipita. Nilianza kupumua, si kwa siku zote.

Sasa ana miaka 14. Sauti imevunjika, anakula kama watu wawili. Dada yake hakuwa daktari, watu hupenda hadithi ziishie hivyo. Ana kibanda cha M-Pesa Awendo na mtoto mmoja wa kiume. Lile gari la waya liko juu ya kabati langu. Fahali alivunjika pembe, akatupwa tulipokuwa tunahama kitanda.

Mwezi uliopita mjukuu alikuja kulala. Ana miaka 6. Tukiwa kwenye chakula akasema, "Bibi, jino langu linacheza." Kijiko kilinitoka mkononi. Nilimbeba hadi mlangoni, nikamgeuza kwenye mwanga, nikamwambia apanue. Mkono ulikuwa unatetemeka hivi kwamba sikuweza kushika tochi ya simu. Kijana wangu aliinuka mezani, akaichukua tochi mkononi mwangu, akachungulia.

"Ni la mbele, mama," alisema. "La chini, la mbele."

Akamrudisha mtoto mezani. Mimi nilibaki mlangoni kidogo. Kabla ya kulala nikaenda nikaangalia tena.